Shamba Moja, Jina Moja

Kyimo, Rungwe
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka Jotham,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Imakulata na watoto hamjambo huko Mbeya. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, ila goti linamsumbua mvua ikizidi, na unajua mvua ya kwetu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Unangoja tu ninyamaze ili uendelee na yako. Karatasi huwezi kuikatiza.

Uliponituma Kisondela ulisema kazi ni nyepesi: niende kwa wakulima wa parachichi, niwaulize wanahitaji nini, nirudi ofisini kwako tuwatengenezee mfumo wa kompyuta wa umoja wao. Hukuniambia kwamba mfumo ulikuwa umeshatengenezwa. Nililijua hilo mbele za watu, pale katibu wao, Mzee Andongwisye, aliponionyesha simu yake, majina ya wanachama yakiwa yamo tayari. Aliniuliza kama kwa mafundi wa Mbeya nguo hushonwa kwanza, ndipo mwenyewe apimwe. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenipa kiti pia. Nilisimama kwenye manyunyu nikiwauliza maswali yako.

Nilifikia kwa mama mmoja mjane, Debora. Alinipokea kwa sababu mchungaji alimwomba, na hakunificha kwamba hanitaki. Hata hivyo ndiye aliyenieleza utaratibu wao. Ardhi ni ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda, na aliyepanda ndiye mwanachama, ndiye anayepiga kura kwenye umoja. Ile miparachichi ya mteremkoni aliipanda yeye, akiimwagilia kwa ndoo kichwani mumewe akiwa mgonjwa kitandani. Kwenye mfumo wako, kaka, shamba moja lina jina moja, na jina lililokuwepo pale ni la shemeji yake, Nsajigwa, mwenyekiti wa umoja. Debora hayumo. Wanawake wengine wengi hawamo. Nilikuandikia hayo yote. Ulinijibu kwamba nisikuchanganye na mila, jina moja ni rahisi.

Basi sikia urahisi wako ulivyokuwa. Asubuhi moja Nsajigwa alikuja na wachumaji na miti mirefu ya kuangulia, simu mkononi. Debora alikuwa amesimama njiani na panga.

“Shemeji, matunda hayajakomaa, na si yako,” alimwambia.

“Soma mwenyewe,” Nsajigwa akasema, akimsogezea simu usoni. “Mwenye shamba ni nani hapa? Mambo ya kupanda yamekwisha. Sasa ni kompyuta.”

Wakaanza kuangua. Debora akaupiga panga mti wa kuangulia wa mchumaji wa kwanza, ukakatika vipande viwili. Nsajigwa akamsukuma, Debora akaangukia mfereji wa mawe, nikausikia mkono wake ukivunjika. Nilimpeleka hospitali Tukuyu kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Njia nzima hakulia. Alikuwa akitukana kwa Kinyakyusa, na jina lako lilikuwemo.

Nilikupigia nikiwa nje ya wodi. Ulisema huo ni ugomvi wa ukoo, mfumo haukumsukuma mtu. Kisha ukaniuliza kama wakulima wameshasaini kwamba wameridhika. Hukuuliza mkono ni wa kulia au wa kushoto. Ni wa kulia.

Mzee Andongwisye ndiye aliyenieleza yale majina yalikotoka. Kumbe ulishakuja kabla yangu, na mtu pekee uliyezungumza naye ni Nsajigwa, pale Kiwira, kwenye nyama choma. Yeye ndiye aliyekueleza wakulima wanataka nini. Huo ndio uchambuzi wako wote. Mimi nilitumwa ili iandikwe kwamba watu waliulizwa.

Sasa nikuambie jambo ambalo hujalijua. Ijumaa, siku ya mkutano wa kuupokea mfumo, nilikuambia hukunipata kwa sababu mtandao ulisumbua. Mtandao ulikuwa mzuri. Niliizima simu. Uliniagiza niwasomee kwamba wakulima wameshirikishwa kikamilifu. Sikusoma. Niliwaambia hawakushirikishwa. Niliwaambia kwamba habari za wanawake nilikuletea, ukazipuuza, na kwamba wewe ni kaka yangu wa tumbo moja. Niliwaambia waukatae. Nsajigwa alipiga kelele kwamba nimenunuliwa. Mzee Andongwisye akaomba mikono, nayo ikainuka, ya wanaume pia. Mfumo wako umekataliwa, kaka, na aliyeuangusha ni mimi.

Usidhani nimekuwa shujaa huku. Nsajigwa bado ni mwenyekiti. Matunda mabichi yameoza chini ya miti. Nilipomwendea Debora baada ya mkutano, hakunishukuru. Aliniuliza kwa nini sikuyasema hayo mkono wake ukiwa mzima. 

Ofisini kwako sirudi. Kompyuta ya kazi nimeituma kwa gari la chai linalokuja Mbeya, utaipata. Usinipigie kunieleza biashara ilivyo. Nimeiona kwenye mfereji.

Mama nimemweleza kila kitu, maana najua ungemwahi kwa maneno yako. Aliendelea kumenya ndizi. Kisha akasema nikuandikie kwamba Krismasi hii ukale kwa Nsajigwa.

Wasalimie wifi na watoto. Kwao sina neno. Mungu awalinde nyote, na wewe akufundishe kuuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Tupokigwe