Aliyeanguka Chini ya Wavu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Huko kambini kwenye ujenzi wa bwawa mnaendeleaje? Unakula vizuri, au bado chai na mkate ndiyo chakula chako? Mama hajambo, mguu umeacha kuvimba. Mimi natembea na kula, basi niseme sijambo.

Chuo chetu unakijua kilivyo kidogo: ukumbi mmoja, wavu mmoja. Timu ya mpira wa wavu ya wanaume na yetu ya wanawake zote zina kocha mmoja, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Tukipungua, anatuchanganya. Jumanne alituchanganya. Mimi nilimpandishia mpira Mnara, mshambuliaji wa wanaume, yule anayeinama akipita mlangoni. Akaruka, akaupiga, ukalala upande wa pili. Tukashangilia. Yeye aliposhuka, miguu haikumshika. Akaanguka kifudifudi chini ya wavu.

Kwa kuwa Mnara ni mtu wa mizaha, mwenzangu mmoja alimwambia ainuke asituchezee akili. Kocha alipomgeuza, midomo ilikuwa imebadilika rangi. Akapiga magoti, akawa anamkandamiza kifua kwa nguvu zake zote huku akitufokea tuite gari la wagonjwa. Mimi niliuokota mpira, nikabaki nimeukumbatia, najiambia kwamba mpira niliompa mimi ndio umemuua.

Hakufa, Mungu mkubwa. Yuko hospitali na ameshaanza kuwatania wauguzi. Lakini mkuu wa chuo alisimamisha mazoezi hadi timu zote mbili zipimwe moyo. Wenzangu waliingia na kutoka wakicheka. Mimi niliitwa tena, kisha tena. Daktari akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyefariki ghafla. Nikajibu hapana, maana nyumbani baba hakufa ghafla, baba alirogwa na baba mdogo. Si ndivyo tulivyokuzwa? Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango ndipo nikageuka. Nikamweleza jinsi baba alivyoanguka akisukuma gari la jirani, mzima wa afya, bado anacheka. Daktari akaniomba nikae tena.

Kaka, misuli ya moyo wangu imenenepa kupita kiasi. Sitacheza tena. Daktari anaamini baba alikuwa nao moyo huu huu, na amesema unarithiwa. Baba mdogo hakumfanya kitu. Miaka yote hii tunampita njiani bila salamu, bure kabisa.

Hilo nitalilia baadaye. Sasa hivi naogopa kwa ajili yako. Unashinda na mifuko ya saruji begani, na ulipokuja likizo ulishikwa na kizunguzungu mlangoni ukasema ni njaa tu. Nakuomba, ukimaliza kusoma, usirudi kwenye saruji. Nenda hospitali, waeleze habari za baba, wakupime. Niite mwoga, nitukane ukitaka, lakini nenda. Mama sijamwambia. Siwezi kumpa habari yangu bila kuwa na yako nzuri ya kumpoza.

Barua hii nampa dereva wa lori la mbao anayekuja huko, kwa sababu simu yako haipatikani tangu juzi. Najiambia ni chaji imekuishia.

Wasalimie mafundi wenzako. Washa simu, kaka. Tafadhali washa simu.

Mdogo wako akupendaye,
Sisimizi