Tusi Lililokwisha Kuupita Mwezi

Jumatatu, 12 Mei

…na kwa hiyo halirudi! Nilimuuliza mara tatu, kule juu ya paa, yeye akikaza antena yetu mpya na mimi nikimshikia spana. Mume wangu. (Mume wangu! Siku ya tisa leo, na kila nikiliandika neno hili mkono unacheka wenyewe.) Mimi nilidhani sauti ya redio ikishatoka inaishia pale mtaa unapoishia, kama harufu ya kitunguu. La. Anasema mawimbi ya FM hayajui kupinda. Yanakwenda moja kwa moja. Ardhi ndiyo inayopinda chini yake. Yanatoboa anga na kuendelea. Sekunde moja na kidogo, yameupita mwezi. Dakika nane na kidogo, umbali wa jua. Yale ya masafa mafupi hugonga tabaka la juu na kurudi chini. Haya ya kituo chao hayarudi.

“Kwa hiyo na lile tusi la dada yako?”

Akaomba spana ambayo hakuihitaji. “Nalo linakwenda, mpenzi.”

“Limefika wapi?”

Siku ya pili tu, anasema, lilikuwa limekipita chombo cha mbali kuliko vyote walivyowahi kurusha watu. Na hakuna anayeweza kuliita.

Siku ya harusi yangu! Watu mia mbili uani kwa mama, spika mbili zimeunganishwa na redio, sote kimya tunangoja salamu za wifi — mtangazaji wa mchana, sauti ya asali, kituo kilekile ambako mume wangu ni fundi mitambo. Salamu zikaja, tamu kweli. Wimbo ukawekwa. Kisha juu ya wimbo tukamsikia akimwambia mwenzake: “Mdogo wangu kaoa mtumba. Tena wa chini ya rundo. Umeshajaribiwa na kurudishwa, yeye anauona wa dukani!”

Ni kwa sababu ya yule mchumba aliyeniacha miaka mitatu iliyopita. Kama vile mimi ndiye niliyejirudisha! Watu wakacheka. Shangazi yangu mwenyewe alicheka, akasingizia kikohozi.

Wifi hajaniomba radhi hadi leo. Nitamlipa. Sijui lini. Nitamlipa.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi alinifunga vifungo vya mgongoni, kimoja kimoja, na kila kimoja akakipa jina. Vifungo kumi na mbili! Nilichelewa kazini nikiwa mwekundu kama pilipili.

Halafu dukani, mteja anayenunua daftari: “Wewe si yule wa redioni?”

“Yule yupi?”

“Yule… mtumba. Usinune, dada, si mimi, ndivyo wanavyosema watu.”

Nikamtafutia daftari lenye kurasa zilizochanika. Kwa tabasamu.

Jioni nikamwambia mume wangu nimepata dawa. Naenda redioni, najibu, na jibu langu linalifuata lile tusi huko liliko na kulinyamazisha. Akacheka mpaka akashika ukuta. Hata nikijibu leo, anasema, jibu litakuwa nyuma kwa siku kumi na moja milele. Mwendo ni mmoja. Hakuna wimbi linalolipita jingine.

Akaona uso wangu, akanivuta karibu. Kwamba linadhoofika. Kila umbali unapozidi mara mbili, nguvu inabaki robo. Kwamba sasa limekuwa jembamba kuliko unywele, limezama kwenye kelele za nyota, na hata kama kuna sikio huko halitambui chochote.

Mimi nalitambua.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwomba. Kwa sauti ile asiyoweza kuikataa. Wifi kila wimbo ukianza humsengenya bosi wao, humwita Gunia, mtaa mzima wa kituo unajua. Waya mmoja tu, mpenzi! Maiki ibaki wazi dakika moja, Gunia ajisikie mwenyewe.

Amekataa! Kukataliwa kwangu kwa kwanza katika ndoa. Tena hakukasirika — alififia rangi. “Niombe chochote,” akasema, “usiniombe habari ya maiki.”

Chai tumekunywa kila mtu na dirisha lake.

Jumapili, 18 Mei

Tumepatana. (Sitaandika namna tulivyopatana.)

Ila hili ndilo kubwa — bosi amenipigia simu! Gunia mwenyewe! Wasikilizaji wanalalamika, wanaotangaza biashara zao wananung'unika. Akiwa na barua ya bibi harusi aliyetukanwa, anasema, atakuwa na la kushika. Bila barua, ni maneno ya mitaani tu.

Nilichokitafuta kwa tochi kimekuja kwa miguu yake!

Mume wangu sijamwambia. Wifi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Atanibembeleza, na mimi mbele yake ni siagi juani.

Jumanne, 20 Mei

Kurasa mbili. Nimeiandika upya mara nne mpaka kila sentensi ikawa na jino.

Bosi aliisoma akiwa amesimama. Akasema nimemrahisishia kazi.

Ukumbini nikakutana na wifi, vipokea sauti vimening'inia shingoni.

“Shikamoo, wifi.”

“Marahaba, bibi harusi. Ndoa imekukubali, umenawiri.”

Akatabasamu. Nikatabasamu zaidi yake. Nimerudi nyumbani kwa miguu, naimba, kila aliyenipita nikamsalimu!

Alhamisi, 22 Mei

Jana wifi amesimamishwa kazi. Nilikuwa nimenunua maua ya mezani.

Leo mume wangu amerudi saa sita mchana. Ameketi kitandani na viatu vyake. Nikamuuliza ni homa? Si homa. Ni taa.

Mezani kwa mtangazaji pana taa nyekundu. Ikiwaka, maiki iko wazi. Ikizimika, sema utakalo. Ijumaa ile, siku moja kabla ya harusi, aliibadilisha. Fundi cherehani alikuwa anamngoja na suti, akafanya haraka, akaunganisha waya wake kwenye maiki ya pili. Jumamosi wifi akakaa kwenye maiki ya kwanza. Alisahau kuifunga, akatazama taa, taa imezimika. Jumatatu yake mume wangu akaurudisha waya kimyakimya.

Haraka ya kuja kwangu! Kosa lote ni haraka ya kuja kwangu.

Na wifi alijua. Alijua tangu siku ya kwanza. Bosi alimuuliza mbele ya mume wangu, bisibisi mkononi mwake: taa ilikuwa inawaka? Akajibu: “Ilikuwa inawaka, bosi. Uzembe wangu.”

Mume wangu anataka kesho aende akaseme. Watamfukuza kabla hajamaliza sentensi. Nimemwambia akae! Nimemvua viatu mwenyewe, nikavisukuma mvunguni. Ananitazama. Anasema: “Barua ni yako, siyo?” Nimesema ndiyo.

Taa haikumtia maneno mdomoni! Aliyasema kwa ulimi wake. Basi namchukia mara mbili — kwa kunitukana, na kwa kumwokoa mume wangu, maana hili la pili sijui nitamlipaje.

Simu imelia sasa hivi. Ujumbe. Mume wangu kutoka kitandani anauliza ni nani. Naunakili hapa kama ulivyo:

“Wifi, barua yako nimesomewa yote, unajua kuandika. Mzuie mdogo wangu asiende kwa bosi. Ataikosa kazi na mimi sitarudishiwa yangu. Sasa nafasi ninayo. Kabla mwezi haujaisha nitakuja kuwatembelea. Lile la mtumba lilikuwa nusu tu ya niliyotaka kusema, na kwenu hakuna maiki.”