Ndege Nyeupe ya Baba Rodrick

Ni mwaka mzima sasa, baba Rodrick, tangu tarehe 19 Aprili 1998, tulipokufikisha kwenye lami ukiwa huna pumzi. Watu wananiambia nitazoea. Sijazoea.

Ninayeandika ni mimi mkeo, Prisca. Watoto wameniomba nipunguze ukali. Nimewaambia waandike ya kwao.

Ulikuwa mtu mwema, hilo hata adui yako angelisema. Kijiji kizima cha Matwebe redio ikikwama inaletwa kwako, na malipo yako yalikuwa mkungu wa ndizi ambao nusu yake uliugawa kabla haujafika jikoni kwangu. Penseli haikutoka sikioni mwako hata kanisani.

Karakana ya malori ilipouzwa mwaka 1995 mkapunguzwa kazi, wenzako walinunua mashine za kusaga, wengine wakafungua maduka Ibighi. Wewe ukaja na habari ya ndege. Jamani, ndege!

Lakini nilijua kwa nini. Masika ya mwaka uliotangulia, mkwe wetu Tusekile, mke wa Rodrick, alishikwa na uchungu na gari halikuweza kupanda huku. Akabebwa kwa machela. Kwa mila yetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawakaribiani, basi ulifuata kwa mbali, ndani ya migomba, ukimsikia analia na huwezi kushika hata mti mmoja wa machela. Mtoto alifia njiani. Mjukuu wetu wa kwanza. Siku mbili hukugusa chakula.

Wazungu wawili walikuwa wanarudi kwao, kila mmoja anauza kindege chake, vile vinavyokuja vipande vipande mtu akaunga mwenyewe, vinavyotua hata kwenye malisho. Vyote viwili vilikuwa havijakwisha kuungwa. Cha Mbeya kilikuwa mifupa mitupu, kila kiungo unakiona, na daftari la kazi yote lipo, ila viti vimekaa bega kwa bega. Cha shamba la chai kilikuwa cheupe, kinapendeza, mabawa yamekwisha kufunikwa, daftari hakuna. Kiti kimoja mbele, kimoja nyuma.

"Hiki hiki!" ulisema. "Rubani anatazama mbele, mkwe anakaa nyuma. Nambeba na simwoni!"

Ulicheka mpaka ukakohoa. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nikakuuliza, "Na urubani unaujua?" Ukasema hilo lina siku yake.

Miaka miwili ukahangaika nacho. Kaka yako Hosea akayaacha malisho yake bila kuyalima ili upate pa kutua. Kisha akaja mkaguzi wa ndege kutoka Dar es Salaam, akagonga bawa kwa kidole, akauliza nani aliyeunga mbao za ndani kwa gundi. Hakuna aliyejua. "Basi fungua," akasema. Ukachana kitambaa kwa mkono wako mwenyewe. Gundi ilikuwa imeachia, mbao zimeota ukungu. Mvua za Rungwe umezaliwa nazo, baba Rodrick! Ungeuliza tu kilikuwa kinalala wapi. Siku ile sikukulaumu, nilikupikia chai. Nakulaumu leo.

Ukaanza upya, bawa la kwanza tena, kwenye kibanda kinachovuja, katika mvua zile za El Nino. Kifua kikakubana. Siku ya tano ulikuwa huwezi kukaa, na daraja lilikuwa limesombwa. Tulikulaza kwenye kitambaa cha bawa lako, tukakifunga kwenye miti miwili. Wabebaji walikuwa Rodrick, Hosea, jirani yetu Meshaki na mimi. Kwenye mteremko Meshaki akateleza, mguu ukateguka. Tukasimama kwenye matope, tunaangaliana.

Tusekile akatoka nyuma. Hakuna aliyemwita. Akakunja khanga, akaiweka begani, akabeba.

Ulimtambua kwa sauti alipotuambia twende. Ukavuta shuka, ukajifunika uso. Tulielewa, ulikuwa unamheshimu mkwe wako, na hakuna aliyethubutu kukufunua. Tukatembea hivyo saa mbili nzima. Kwenye lami nikafunua shuka.

Sijui ulituacha wapi. Kama ni mteremkoni, kama ni mtoni, sijui. Sijui kama uliniita. Nilikuwa hatua moja tu kutoka kichwani kwako.

Masika yamerudi. Tusekile ni mjamzito tena, mimba ya miezi minane. Barabara ni ileile, daraja ni magogo mawili, na mabawa yako yamo kibandani, yamefumuka. Kila jioni natazama juu kwenye mawingu, kisha naingia ndani.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Prisca, mwanao Rodrick, binti yako Beatrice, kaka yako Hosea, na mkwe wako Tusekile, aliyekubeba, na ambaye mpaka leo ananiuliza sura yako ilikuwaje.

Siku zote tutakukumbuka, na kila masika zaidi.