Jina Atakaloulizwa Albina Akishikwa na Uchungu

Mpendwa mshauri, sijui nikuamkie mimi au uniamkie wewe, maana sikuoni, lakini nisaidie, naogopa. Mimi ni bibi wa hapa Izia, kusoma sijui, anayeniandikia ni Luciana mke wa jirani, nimemwapisha, asiposhika ulimi wake shauri yake. Mjukuu wangu Albina ana mimba. Niligundua shambani, tunafukia majani kwenye matuta, na mvua ya mwaka huu, mwanangu, inanyesha kama imetumwa, haya, Luciana anasema niendelee, mtoto akainama akashindwa kuinuka, nikamshika kiuno, nikajua. Nikamuuliza, "Ya nani?" Akasema, "Bibi, ya Saad," kijana wa dukani mjini, Mwislamu, na sisi Wakatoliki, na baba yake Albina, mwanangu Adolfu, ni mzee wa kanisa, akisikia atamuua, yule hasira zake za tangu utoto, hata ziwa langu alinyonya kwa ugomvi.

Adolfu hajui. Ameshapokea jembe la posa la Polikarp wa kijiji cha Kate, ndoa inatangazwa kanisani, na mimi nikanyamaza, nikasema moyoni akiolewa upesi tumbo litakuwa la mumewe. Sasa usingizi sina. Kwetu binti akishikwa na uchungu wa kwanza wakunga humuuliza jina la mwenye mimba, akificha au akidanganya mtoto hatoki, wanakufa wote wawili. Na wakunga watakuwa mama zake Polikarp! Akisema Saad, atafukuzwa hata kitovu cha mtoto hakijakauka. Akisema Polikarp, nitamzika. Nilimweleza, akaniuliza, "Sasa bibi, nichague lipi?" Bado anaruka kamba na wenzake.

Bibi wa Izia

JIBU

Shikamoo bibi. Pole, lakini nitakugombeza. Mtoto alikuwa na hofu moja, wewe umemwongezea ya pili. Jina haliui mzazi. Kinachoua ni msichana ambaye mwili wake haujakomaa, kuzalia uani kwa watu, wanampigia kelele ataje wanaume badala ya kumsaidia. Mpeleke hospitali ya misheni sasa, wakunga wa pale wamzoee kabla ya siku yake.

Na Polikarp amekukosea nini? Nenda kwa padre kabla tangazo jingine halijasomwa, jembe la watu lirudi Kate. Kwa kina Saad watumeni wazee wenye ulimi mtaratibu, si vijana wenye fimbo, waulizwe mtoto wao watamlea vipi. Habari za dini mtazungumza, mimba haingoji. Msikimbilie kushtaki bomani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kijana akifungwa mtoto atavaa nini?

Amebaki Adolfu. Siku ya kumwambia, Albina alale kwa Luciana, na wewe uwaite baba zake wadogo wakae nawe. Usiseme "nimesikia watu wanasema." Sema, "Mwanangu, nilijua nikakuficha. Ukitaka kupiga, anza na mimi." Sidhani kama atainua mkono. Akiinua, ndugu zake wapo hapo, na mtoto hayupo.