Kiu Haimo

Mtaa wa Kuze,
Mji wa Kale,
S.L.P. 80417,
Mombasa.

19 Mei 1996

Mpendwa Shangazi Alawiya,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, Shangazi? Salma na mdogo wake hawajambo? Na baba yao, kazi zamwendeaje? Tumesikia Maskati joto limeanza kuwa kali, basi kaeni ndani mchana. Sisi huku twashukuru Mungu. Mvua za masika zimetulowesha vya kutosha, lakini mguu wa Bibi umetulia na jana alipanda ngazi bila kumwita mtu. Baba na Mama ni wazima.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza kama bado najificha nyuma ya pazia wageni wakija. Niliona haya papo hapo, nami nilikuwa peke yangu chumbani. Jibu ni kwamba pazia lipo, na bado nalipenda. Lakini nina habari, na nataka uisikie kwangu kabla Ami Aidarus hajakupigia simu akaipamba.

Unajua nilimaliza shule mwezi wa Novemba. Matokeo yalipotoka, kampuni moja ya meli huko Kilindini ikatangaza nafasi za kujifunza ukarani wa mizigo. Huingii ila kwa mtihani, na si wa Historia wala Kemia. Ni wa kufikiri tu. Unapewa sentensi mbili, kisha unaulizwa kama ya tatu inafuata au haifuati. Wanaopita huitwa wakaulizwe ana kwa ana. Baba aliniruhusu nijaribu mara hii moja. Nikishindwa, niende Biashara Street nikasimame mlangoni mwa duka la Ami Aidarus, niwaite wapita njia waje watazame leso. Shangazi, wewe wanijua. Mimi nimwite mtu nisiyemjua, barabarani, kwa sauti! Nilisoma kama mtu anayefukuzwa.

Nilisoma na Dama, binti wa Mzee Charo wa Majengo, ambaye tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Yeye pia aliomba nafasi. Alikuwa akija alasiri, tukitandika mkeka uani na kutungiana maswali. Dama hana haya hata chembe, na ulimi anao. Siku ya kwanza aliniuliza hivi: leso zote za dukani kwa Ami Aidarus zina maneno, Mwanaesha amevaa leso yenye maneno, je, aliinunua kwa Ami Aidarus? Nikasema ndiyo, kwa sababu Mwanaesha jirani yetu hanunui kwingine.

Dama akajipiga paja. "Hayamo! Hayo ya Mwanaesha kununua wapi umeyatoa wapi wewe? Kwani maduka mengine yauza leso bubu?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu kila siku. Nilijibu kwa ninayoyajua, badala ya kujibu kwa niliyoambiwa. "Hayamo" likawa neno la nyumba nzima. Hata Baba akionja mbaazi za Mama humtazama na kusema kwa upole kwamba chumvi haimo.

Kisha Bibi naye akaingia darasani. Alikuwa akipepeta mchele kando yetu, akijifanya hasikii. Dama akauliza, "Kila mgeni mwenye njaa akikaribishwa chakula, hula. Bi Rukia ni mgeni, amekaribishwa, hakula. Je, Bi Rukia ana njaa?"

Kabla sijafungua mdomo Bibi akasema, "Anayo."

"Hana, Bibi! Swali lasema kila mgeni mwenye njaa..."

"Liseme litakavyo. Bi Rukia nimemjua kabla mamako hajazaliwa. Ukimkaribisha mara ya kwanza atakataa, mara ya pili atakataa, ya tatu atakwambia basi tonge moja tu. Ndivyo walivyo watu waliolelewa. Huyo aliyeandika swali lenu hana kwao?"

Dama alicheka mpaka akalala mkekani. Alimweleza, akamweleza tena, Bibi hakusogea hata kidogo. Mwisho tuliendelea na swali jingine, tukamwacha Bi Rukia na njaa yake.

Jioni moja Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi, akanipa lake. Watu wote wenye haya hawawezi kusema mbele za watu, Haifa ana haya, inafuata nini? Nilijibu kwa sauti ndogo kwamba Haifa hawezi kusema mbele za watu. Akasema, "Inafuata sawasawa. Lakini ile sentensi ya kwanza ni uongo. Nimeitunga mimi." Akavaa kofia yake akaenda msikitini. Unamjua kaka yako, hana maneno mengi. Hayo machache niliyabeba siku nyingi.

Mtihani wa kuandika tulifanya mwanzo wa mwezi huu, tukapita, Dama na mimi. Siku ya kuulizwa ana kwa ana tuliketi kwenye benchi, vijana kadhaa, sote wa hapa hapa pwani. Mama mmoja mwenye miwani akatoka akatuuliza kama tutakunywa chai. Tukajibu mmoja baada ya mwingine, "Ahsante, tushakunywa." Dama mwenyewe alikataa! Mimi koo lilikuwa limekauka kama kifuu, tangu alfajiri sikuweza kumeza kitu, lakini nami nikasema nishakunywa.

Nilipoitwa ndani nilimkuta mama yule yule, amekaa kati ya mabwana wawili. Salamu nilizitoa vizuri.

Akasema, "Nimewakaribisha chai, nyote mmekataa. Mwenzangu huyu asema basi nyote hamna kiu. Yuko sawa?"

Shangazi, niliinua macho nikaitazama feni ikizunguka. Bwana wa kushoto akaanza kuandika kitu, nami nikauona mlango wa duka la Ami Aidarus, na mimi nimesimama hapo. Ndipo nikamsikia Dama katika sikio moja na Bibi katika sikio la pili, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kusoma, walikuwa wanasema kitu kimoja.

Nikasema, "Hayuko sawa. Tunachojua ni kwamba tulisema hapana. Kiu haimo."

"Na kwa nini mtu mwenye kiu aseme hapana?"

"Kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kukaribishwa."

Bwana wa kulia, ambaye nadhani ni mtu wa huku kwetu, akaangua kicheko. Mama yule akaniuliza kama mimi ninayo kiu. Hilo lilikuwa swali la wazi, basi nikalijibu: ninayo, tena kubwa. Akanikaribisha chai tena, nikasema nitakunywa. Kisahani nilikishika kwa mikono miwili kama mtoto. Lakini yaliyobaki niliyajibu yote, na moja nilibishana na bwana wa kushoto mpaka akakubali. Mimi, Shangazi!

Alhamisi simu ikalia dukani kwa Ami Aidarus, maana nambari yake ndiyo tuliyoandika. Aliwaacha wateja na leso zimetandazwa, akaja kwa miguu akitweta, akasimama uani akatangaza kwamba amenyang'anywa mfanyakazi. Nimepata! Naanza tarehe tatu Juni. Dama pia amepata, na hilo halikumshangaza mtu.

Jioni ile Dama alikuja, Mama akakaanga kaimati, nikawasimulia yote tangu benchi mpaka kisahani. Bibi alisikiliza kwa makini sana. Nilipomaliza akauliza, "Walikukaribisha mara ngapi?"

"Mara mbili, Bibi."

"Na ya pili ukakubali?"

Akamgeukia Baba. "Sami, mtoto huyu umemlea vipi?"

"Bibi," Dama akasema, mdomo umejaa kaimati, "mara ya tatu haikuwamo!"

Basi Bibi amefurahi, lakini hiyo chai hajanisamehe.

Ami Aidarus, Mama, Baba na Dama wote wakusalimu. Nisalimie Salma, umwambie namtaka aniandikie kwa mkono wake sasa kwa kuwa amejua kuandika. Mpe baba yake salamu zangu za heshima. Mungu awalinde huko mliko, awape afya na riziki ya halali, na Disemba awalete salama. Mkifika, pazia mtalikuta limefunguliwa, na atakayewakaribisha chai ni mimi. Nitawakaribisha mara tatu, kwa ajili ya Bibi.

Ni mimi akupendaye, binti wa kaka yako,

Haifa