Pacha wa Ukurasa wa Mwisho

Wanangu,

Maharage yameungua. Sufuria nimeiloweka, msiiguse. Mkate uko kabatini.

Asubuhi nimebandua ile selotepu mliyofungia sura ya mwisho ya riwaya yangu ya upelelezi ili nisichungulie. Wiki nzima nimejizuia, mara namshuku daktari, mara mke wa marehemu. Kumbe muuaji ni pacha wa marehemu, ambaye hakutajwa popote! Mwandishi niliyemsoma tangu nikiwa msichana leo amenichezea shere, na jiko nikalisahau.

~~Kitabu katupeni jalalani.~~ Hapana, baba yenu bado hajakisoma. Kifungeni tena selotepu mkiweke juu ya mto wake, na karatasi hii ichaneni kabla hajarudi. Mkisikia anamshuku daktari, nyamazeni. Hasira hizi sizibebi peke yangu.

Mama