Mimi Mbele, Idi Nyuma

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinasemaje siku hizi? Na goti je, bado linakusumbua ukiinuka kwenye mkeka? Sisi huku tunapumua, tunakula, tunalala. Ila nimechoka, Mama. Nimechoka kuliko misimu yote niliyovuna mihogo Simbo. Jua la huku kiangazi halitaki kuzama, Isha naisali huku nasinzia, na asubuhi mapaja yanakataa kushuka kitandani.

Nimeandika kwa mkono, na barua nimemkabidhi mama mmoja wa Mwandiga anayerudi nyumbani, kwa sababu haya si mambo ya simu. Wewe simu yako unaiweka sauti ya juu na kibaraza kizima kinasikia. Ingia chumbani, usome peke yako.

Kaa kitako kwanza. Mdogo wangu Idi haoni.

Ni kisukari. Kilimla macho kidogo kidogo, madaktari wa hapa Uholanzi wakajaribu, mwishowe giza likafunga kabisa. Ndiyo maana kila ukitaka kumwona kwenye simu anakwambia kamera imeharibika. Mimi mwenyewe sikujua. Nilipotoka uwanja wa ndege nilimwona amesimama na mkewe, kavaa miwani myeusi, kanenepa kidogo, ndevu zina mvi. Nikasimama mbele yake natabasamu. Akatazama juu ya bega langu. Nikadhani ananitania, kama zamani. Mpaka Anneke, wifi yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, akanishika mkono akasema, "Pole, wifi. Idi yeye ogopa kusema." Hapo ndipo nilipojua.

Usilie sana, Mama. Hajadhoofika. Anapika, anafua, anatembea na fimbo yake mpaka dukani. Nilipofungua chupa ya mawese uliyomtumia, alijua kabla sijasema neno. Akaishika na kuinusa muda mrefu, kisha akatoka nje.

Sasa sikiliza kilichonichosha. Huku kuna kikundi cha watu wasioona ambao kila mwaka husafiri kwa baiskeli mpaka baharini, wakilala njiani. Baiskeli zenyewe ni za watu wawili: anayeona anakaa mbele na usukani, asiyeona anakaa nyuma na kukanyaga. Mbele ya Idi hukaa Anneke. Mwaka huu Anneke kapasuliwa goti. Basi siku chache baada ya kufika, tunakula, Idi akaniambia:

"Dada, wewe si ulikuwa unaendesha baiskeli ya babu?"

"Nilikuwa mtoto, Idi. Nilikuwa napitisha mguu katikati ya fremu."

"Hii haina haja ya kupitisha mguu."

"Nina wajukuu mimi!"

"Basi nitakaa nyumbani mwaka huu," akasema, akaendelea kula. Hakununa. Ingekuwa amenuna ningekataa.

Ndiyo hivyo, mwanao nikavalishwa suruali chini ya dera, kofia ngumu juu ya mtandio, na kila alasiri tunatoka kufanya mazoezi kwenye njia iliyo kandokando ya mfereji. Nchi yao ni tambarare kama sinia, lakini upepo unakusukuma kifuani kana kwamba unapanda kilima cha Mwandiga na gunia la mkaa. Na mdomo haupumziki. Lazima nimwambie kila kitu kabla hakijatokea: "Kona! Tuta! Nashika breki!" Tukirudi sauti imekauka, Anneke anatukanda miguu mmoja baada ya mwingine.

Juzi tukaanguka. Mbwa alikatiza njia, nikabana breki bila kumwambia Idi. Tulijikuta kwenye majani, baiskeli juu yetu, maji ya mfereji karibu kabisa. Idi alikuwa amelala chali, hasemi. Nikajua nimemuua.

"Idi! Idi weee!"

"Nipo. Umeumia?"

"Kiwiko tu."

"Mimi mzima."

Badala ya kushukuru, nikapasuka. Uchovu wote ulinitoka kwa hasira. Nikamwambia, "Nimechoka, Idi! Nimechoka na hili libaiskeli lako, na nimechoka kumdanganya Mama. Kila akipiga anauliza utakuja lini. Baba tumemzika bila wewe. Unangoja na Mama naye tumzike bila wewe?"

Watu wawili wakapita na baiskeli zao, wakauliza kitu, akawajibu kwa lugha yao, wakaenda.

Kisha akasema, "Dada, sura ya Mama nilikuwa nayo. Nilikuwa naiona kila nikitaka. Sasa inanitoka. Mikono naikumbuka, kanga naikumbuka, uso unakuja nusu. Nikija nyumbani nikamsikia na nisimwone, nitakuwa nimempoteza kabisa. Bora nibaki huku na hiyo nusu."

Mama, sikuwa na maneno ya hekima. Nilikuwa nimekaa kwenye majani, kiwiko kinatoka damu. Nikamwambia, "Hiyo nusu uliyonayo ni ya mwanamke ambaye hayupo tena. Mama amezeeka. Meno ya mbele hana. Shavu limeingia ndani. Mimi ninayeona namwona hivyo. Wewe una vidole. Njoo umshike uso, umjue alivyo sasa."

Tukainua baiskeli, tukarudi. Njia nzima alikanyaga kwa nguvu mpaka nikawa naogopa mwendo.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni nachemsha maji. Akaja akipapasa ukuta, akasimama mlangoni, akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, dada." Sikuwa nimemsikia akisema hivyo tangu aondoke nyumbani. Akasema, "Mwandikie Mama. Mwambie yote, mimi sitaweza. Twende kwanza baharini, tukirudi tutafute tiketi."

Tunaondoka Jumamosi. Anneke amefunga mizigo: makoti ya mvua, viraka vya tairi, peremende za Idi sukari ikishuka. Tuombee. Siku tutakayoshuka Kigoma usilete umati uwanjani. Njoo wewe tu, na umwache akushike uso kadiri atakavyo, hata watu wakitazama.

Mwambie mume wangu nipo, na kuku asiwauze kabla sijarudi. Nisalimie mama mdogo wa Bangwe, umwambie dagaa wake Idi kawamaliza wote. Wajukuu wangu wabusu. Imamu wetu mwombe dua, ila asitangaze.

Sasa kalamu nampa Idi. Anneke atamwekea rula karatasini ili asipotee mstari.

Mwanao aliyechoka, anayekupenda,
Mwajuma

Mama shikamoo. Ni mimi. Nakuja.